Alizeti Kwenye Tundu la Siti

Nyie, hiki ninachotaka kuwaambia hamtakiamini, na wala sitawalaumu. Video ninayo mwenyewe, dakika kumi na moja na sekunde nne, na bado nikiiangalia naona kama ni mambo ya watu wengine. Mtoto wa miezi saba alipigwa breki mpaka gari likalia, hakufumbua hata jicho. Mama yangu, aliyekaa nyuma yake kidogo tu, humo humo ndani, breki ile ile, alitoka na mkono ambao mpaka leo haufiki kichwani.

Ngoja nianze vizuri maana nikiandika huwa nakimbia.

Naitwa Selina, Mnyiramba wa Kinampanda. Wanaonifuatilia kule kwenye simu wananijua, mimi ndiye yule wa visa, hakuna kitu kinapita mbele yangu bila kurekodiwa. Dada yangu Evodia ameolewa na mwalimu mmoja, Calist, Mnyaturu wa Mgori, wanaishi Kiomboi. Sasa mnajua Mnyiramba na Mnyaturu tukikutana ni utani mwanzo mwisho. Baba mdogo Simeoni ndiye bingwa. Shemeji Calist aliponunua Noah, baba mdogo akampa jina siku hiyo hiyo, Rubani.

Na kweli shem alikuwa na mambo ya rubani. Gari haliwaki mpaka kila mtu afunge mkanda. Ufunguo hauachi kwenye gari hata akishuka kununua vocha. Milango ya pembeni, ile ya kuburuza, ameiwekea loki ya watoto, kwa hiyo ukikaa nyuma hufungui mwenyewe, unasubiri ufunguliwe kama bibi harusi. Baba mdogo alikuwa anasema Wanyaturu wamezoea kufunga ng'ombe, sasa wamehamia kwa binadamu. Shem anacheka tu, halafu anasubiri. Hufungi mkanda, hatuendi.

Ubatizo wa mtoto wao, Clement, ulipangwa Jumapili kanisani kwao Kiomboi. Ijumaa wakaja nyumbani Kinampanda kutuchukua. Jumamosi shem akasema kwa kuwa gari lipo, alizeti za mama zipelekwe zikakamuliwe, mafuta ya sherehe yatoke humo humo. Siti za nyuma kabisa zikakunjwa, maana zile zinainuka zinalalia ukutani, moja huku moja kule, unazifunga na kamba yake. Tukapakia magunia. Mawili yalikuwa na matundu, na nyie mnajua alizeti ikipata tundu. Tuliporudi jioni sakafu ilikuwa nyeusi.

Jumapili asubuhi shem akaniita. Akanionyesha kitu kimoja ambacho nakikumbuka neno kwa neno. Akasema siti ina mguu wa chuma, na sakafuni kuna tundu. Ukishusha siti, mguu unaingia kwenye tundu, unashikwa na ndoano ya ndani, unalia *ko*. Pembeni kuna kialama chekundu. Siti ikishika, chekundu kinajificha. Ukikiona bado, siti haijashika, hata kama imekaa vizuri namna gani.

"Fagia kwanza," akaniambia, "halafu ushushe. Usikie *ko*. Ukimaliza itikise."

Nikamwambia sawa shem. Simu ilikuwa mkononi, tayari narekodi, nasimamisha na kuendeleza kwenye video ile ile moja. Nilikuwa nimewaahidi watu safari nzima ya ubatizo, kuanzia gari linapambwa.

Nikafagia kwa mkono mmoja. Nikashusha siti ya kushoto, ikalia *ko*. Nikashusha ya kulia. Haikulia. Nikaikalia, nikairukia kidogo, kimya. Nikainama na simu yangu nikamulika, tundu limejaa alizeti mpaka juu, zimeshindiliwa na magunia ya jana. Chekundu kipo nje kinaniangalia. Nikatafuta kijiti cha kuchokolea, sikuona cha karibu. Na kwenye video mnasikia sauti yangu, naongea na nyie, nasema: "Hii imegoma, lakini mtu akikaa itajishika kwa uzito."

Nani aliniambia? Hakuna. Nilijisemea tu.

Halafu nikatandika. Evodia alikuwa amekuja na vitambaa vyeupe vya kufuma, vile vya makochi, nikavitandika kwenye siti zote, gari likawa kama sebule. Kitambaa kikafunika chekundu. Kikafunika na kile kidude cha kuchomekea mkanda. Nikapiga picha sita.

Sasa kabla ya kuondoka pakawa na kamgogoro. Shem alikuwa na kiti cha mtoto, cha plastiki, cha mtumba, amekitafuta miezi mpaka akakipata Singida mjini. Amekifunga siti ya katikati, ukikisukuma hakitikisiki. Mtoto anakaa humo anafungwa mikanda mabegani na katikati ya miguu. Mama yangu alikuwa na mpango mwingine. Mjukuu wa kwanza anapelekwa kubatizwa, bibi yake yupo, amevaa kitenge kipya, halafu mtoto abebwe na plastiki? Akataka ampakate. Akasema watoto wake watano wote wamesafiri mapajani, na hakuna aliyedondoka.

Shem akakataa. Lakini hakumwambia mama, maana nyumbani kwetu mkwe na mama mkwe hawaongei hivyo. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai bega kwa bega. Mkwe akiwa na neno, anapitisha kwa mtu. Kwa hiyo shem alimwambia Evodia, Evodia akamwambia mama, na mama akamjibu Evodia kwa Kinyiramba, kwa sauti ambayo mpaka nyuma ya gari ilifika. Kwa kifupi alisema siku hizi plastiki ina heshima kuliko bibi. Baba mdogo akajaribu kuchekesha, akasema muache, huko Mgori watoto wanafungwa kwenye vitanda pia. Mama hakucheka.

Tukaanza kupanda. Mkubwa kuliko wote alikuwa mama, na kwa kawaida mkubwa anakaa mbele. Lakini mbele ni pembeni ya dereva, na dereva ni mkwe. Haiwezekani. Katikati palikuwa na Evodia, kiti cha mtoto, na baba mdogo. Mama akasema yeye nyuma kabisa panamtosha, mbali na mkwe wake. Siti ya kushoto tayari ilikuwa na masufuria na kapu la kuku. Akakaa ya kulia.

Nilimwona akikaa. Nawaambia ukweli, nilimwona, na kile chekundu kikanipitia kichwani. Siti haikuonyesha kitu. Ikamkubali kama siti nyingine. Nikajisemea unaona, imejishika.

Na nani akakaa mbele? Mimi. Mbele ndipo penye video nzuri.

Shem akaingia, akaweka ufunguo, hakuwasha. Akanyoosha mkono kwenye kioo cha katikati, kile cha kutazamia nyuma, akakisukuma juu kikaangalia paa. Nikamuuliza mbona hivyo. Akanong'ona kwamba asije akawa anatazamana na mama njia nzima, si adabu. Atatumia vya pembeni.

Halafu akaniambia, taratibu: "Selina, mtazamie mama mkanda. Mimi siwezi kwenda kumfunga."

Na mimi nilikuwa natengeneza pozi. Nilikuwa nimeigeuza simu inanitazama, nimeanza kuwasalimia watu. Nikasema, "Tayari, shem."

Neno lenyewe ni hilo. Sikugeuka.

Akawasha. Tukaenda.

Njia ilikuwa kavu, mashamba huku na huku yameshavunwa, mabua yamelala. Shem haendeshi kwa kasi, kwenye video mshale unaonekana, uko hamsini, ukipanda sana hamsini na tano. Baba mdogo anaimba. Mtoto kalala mdomo wazi. Karibu na mteremko wa kushukia Kiomboi, mkokoteni wa punda ukatoka shambani bila mtu mbele, punda wamemtoroka mwenyewe, wakaingia barabarani wakasimama katikati kabisa, kama wamefika walikokuwa wanakwenda.

Shem akakanyaga breki na kukata kulia kidogo. Mkanda ukanishika kifuani kama mkono wa mtu. Simu ikaniruka ikaangukia miguuni, ikaendelea kurekodi mazulia. Nikasikia nyuma kitu kama mlango wa chuma umebamizwa, halafu masufuria, halafu kuku, halafu sauti moja fupi ya mama. Si kilio. Ni kama mtu anayetaka kuuliza kitu akakatishwa.

Siti ilikuwa imeinuka ukutani, kama ilivyokuwa jana na magunia. Ikammwaga mama katikati ya gari, mkono wa kulia chini yake, umepiga kwenye chuma cha siti ya mbele yake.

Shem akazima gari, akachomoa ufunguo, akazunguka mbio akaburuza mlango. Na hapo ndipo mtu asiyetujua hawezi kuelewa. Kitenge cha mama kilikuwa kimepanda juu, kilemba kimetoka, nywele nyeupe nje, amelala mbele ya mkwe wake. Shem akamwona. Akageuka akampa mgongo. Mtu mwenye nguvu kuliko sisi wote pale, anayejua huduma ya kwanza maana shuleni kwao anafundisha, akasimama ametazama mashamba.

"Selina," akasema bila kugeuka, "mfunike mama kwanza."

Nikamfunika. Evodia analia, baba mdogo anamwinua mama kinyume, mama anasema mkono, mkono. Clement kwenye plastiki yake amelala. Mate yanamtoka. Alikuja kuamka kanisani wiki tatu baadaye, nikitania, maana ubatizo ukaahirishwa.

Mama akafikishwa hospitali. Mfupa wa juu ya kiwiko umevunjika, na bega limeteguka. Wakamfunga plasta ngumu mpaka begani.

Shem alinikuta uwanjani pale hospitali, karibu na pa kunawia. Akafungua kiganja. Kulikuwa na alizeti, kama konzi moja, zimepondeka. Alikuwa amezichokoa kwenye lile tundu kwa waya wa spoku ya baiskeli.

"Selina. Ulisikia *ko*?"

Nyie, mama alikuwa ndani analia. Evodia yuko mlangoni. Nikamtazama shem machoni nikasema, "Nilisikia, shem."

Akafunga kiganja. "Haya," akasema. Akaenda kunawa.

Jumamosi iliyofuata wazee wakakaa kwetu. Baba mdogo Simeoni, yule yule aliyekuwa anaimba, ndiye aliyeongea. Hakutania. Alisema Rubani alikuwa anakimbiza gari. Alisema pia, na hili ndilo zito, kwamba mama mkwe ameanguka na kufunuka mbele ya mkwe, na hiyo ni aibu ambayo haifutwi kwa pole ya mdomo. Inatakiwa mbuzi. Mama alikuwa ndani, akatuma neno kwamba haingii tena kwenye gari la mkwe wake, na wala hatakanyaga kwake mpaka atakapoona mwenyewe.

Wakamuuliza shem ana la kusema. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na simu, kwa mara ya kwanza sirekodi. Akaniangalia mimi mara moja. Halafu akasema, "Nimesikia, wazee. Mbuzi nitaleta."

Akaleta. Mweupe, mkubwa, na kitenge juu yake. Nilikula ile nyama. Hilo huwa silisemi kwa watu lakini nimeliandika hapa. Nilikula.

Kuanzia hapo shem akija Kinampanda anaacha gari barabarani, anatembea. Anasimama uwanjani, anasalimia kwa mbali, shikamoo mama, mama anaitikia marahaba akiwa ndani, basi. Mama alitakiwa kurudi hospitali kila wiki mbili. Kila mara shem anatuma kwa Evodia, nije nimchukue? Kila mara mama anajibu hapana. Anapanda bodaboda. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine ameng'ang'ania koti la kijana wa boda, njia ile yenye mashimo. Akirudi anakaa kwenye kigoda saa nzima hawezi kuongea. Wakati mwingine haendi kabisa, anasema barabara imemchosha. Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa umeunga vibaya. Daktari akasema labda angefuatiliwa kwa karibu zaidi ungeunga vizuri. Basi. Sasa haufiki kichwani. Kilemba namfunga mimi kila asubuhi. Anainamisha kichwa, namfunga, ananiambia asante mwanangu, na kila siku nilikuwa namjibu karibu mama kama mtu mwenye haki ya kujibu.

Mwezi wa pili baada ya ajali shem akaliuza gari. Kiti cha mtoto akakibakiza.

Sasa mnaniuliza ilikuwaje nikasema. Sikusema kwa ushujaa. Ni simu. Simu ilinijaa, ikawa haipokei hata picha, ikaniletea yenyewe orodha, futa vitu vikubwa. Cha kwanza juu kabisa, dakika kumi na moja na sekunde nne. Sikuwahi kuiangalia tena tangu siku ile. Kidole kilikuwa juu ya kufuta. Nikasema ngoja niione mara ya mwisho.

Nilikuwa jikoni, mama yuko nje anachagua maharage kwa mkono mmoja. Nikaiacha icheze. Siti, sauti yangu, itajishika kwa uzito. Vitambaa. Watu wanapanda. Halafu mimi mbele, uso wangu umejaa kioo, nasema haya wapenzi wangu leo ni leo. Na chini ya sauti yangu, nyuma kabisa, ikasikika sauti nyingine. Sikuwahi kujua ipo.

Sauti ya mama. "Selina, huu mkanda unachomekwa wapi?"

Kisha shem, mtazamie mama mkanda. Kisha mimi, tayari, shem.

Maharage yakanyamaza huko nje. Mama akasema, "Hiyo sauti ni yangu."

Akaja akasimama mlangoni. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akasikiliza. Akasema nirudishe tena. Mara ya tatu akakaa kwenye gunia la mahindi, akasema kwa upole kabisa, kama anajisemea, "Kumbe niliuliza. Nilikuwa nafikiri niliona aibu kuuliza."

Basi nikamwambia yote. Alizeti, chekundu, kitambaa, *ko* ambayo haikulia, kiganja cha shem, nilisikia shem. Nilitegemea anipige, na angenipiga ningeshukuru. Hakunipiga. Aliniuliza kitu kimoja tu, na akakiuliza kwa Kinyiramba, lugha anayotumia mambo yakiwa mazito. Kwamba mkwe wake alijua, siku ile mbele ya wazee? Nikamwambia nadhani alijua.

Akasema, "Nipigie."

Nikampigia shem, nikampa simu. Ikaita. Mama akaishika kwa mkono mzima, akaiweka sikioni, na shem alipopokea akasema halo, mama akaitoa simu haraka kama imemuunguza, akanirudishia. Kakaa na mkwe wake miaka minne, ukiacha marahaba ya kwa mbali hajawahi kumwambia neno la moja kwa moja. Machozi yakamtoka. "Siwezi," akasema. "Sema wewe. Wewe ndiye mwenye maneno."

Mimi mwenye maneno nikakata simu. Nikamtumia video nzima, bando langu la wiki likaisha lote, na chini yake nikaandika, shem sikusikia ko. Nikaandika na nyingine, mama anaomba umsamehe, na baba mdogo nitamwambia mimi mwenyewe mbele ya wazee wale wale, Jumamosi. Alama zikawa za bluu. Ikaandika anachapa. Ikaacha. Ikaandika tena. Karibu saa nzima.

Jibu lake ninalo, nimelihifadhi.

"Nilijua tangu siku ile, Selina. Sikutaka mama awe na mkono mbovu na binti mbovu kwa siku moja. Lakini na mimi niligeuza kioo. Kingekuwa mahali pake ningemwona hajafunga."

Jumamosi ni keshokutwa. Mama amesema atakaa uwanjani, si ndani. Shem anakuja na basi. Baba mdogo bado hajui anaitiwa nini, ameniuliza kama kuna nyama.

Nimeandika hapa kwanza ili nizoee kulitamka. Na najua kuna watakaonitukana, nitukaneni tu. Lakini kabla hujaniandikia chochote nijibu hili, bila kujipendelea. Umekaa siti ya mbele, umependeza, simu iko mkononi, watu wanakusubiri, na dereva anakwambia mtazamie mama mkanda. Wewe ungegeuka?